Dereva wa Jeshi Atafutapo Kazi ya Lori

Askari aliyeendesha lori jeshini arudipo kwao huwa na ujuzi ambao wenzake wote waliushuhudia. Lakini tajiri mwenye malori hakuwapo huko. Yeye hajui kama mtu huyu alivuka mito au alilala chini ya gari katika mvua. Ataka kuona leseni. Ikiwa leseni haipo, dereva wa miaka mitano huambiwa angoje nje pamoja na kijana ambaye hajashika usukani hata siku moja.

Jambo hili halikuwa geni katika Afrika ya Mashariki. Wazee waliokwenda Burma katika Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki mwaka 1944 walikuwa na hadithi nyingi za bonde la Kabaw, jinsi magari yalivyozama katika tope wakati wa mvua, na jinsi daraja refu la chuma lilivyotandikwa juu ya mto Chindwin pale Kalewa mwezi wa Disemba mwaka ule. Vijana walioacha jembe walirudi wakijua giya na breki. Kisha ikawapasa kutafuta mtu wa kuwapa kazi kwa ujuzi ule.

Leo twapenda kueleza habari za nchi nyingine, yaani Marekani. Huko malori ndiyo yachukuayo sehemu kubwa ya mizigo ya nchi, na sheria juu ya askari madereva imegeuzwa mara kwa mara, kila mara kwa sababu kosa fulani lilionekana. Tena iko sababu iliyo karibu nasi zaidi. Mwaka 2009 jeshi la Marekani lilianza mpango wa kuandika wageni waliokuwa wakikaa huko kwa halali na waliojua lugha ambazo jeshi lilizihitaji, na Kiswahili kilikuwa moja ya lugha hizo. Mpango ule ulisimamishwa mwaka 2016, lakini wako vijana wa kwetu waliovaa nguo za jeshi lile. Msomaji mwenye ndugu huko huenda siku moja akapata barua ya kumwuliza shauri.

NJIA YA DUARA JEKUNDU

Majeshi ya Marekani, Uingereza na wenzao yalishuka pwani ya Normandy tarehe 6 Juni 1944. Mwisho wa Julai yalivunja mstari wa Wajerumani, yakaenda mbele upesi kuliko wakubwa walivyotazamia. Reli za Ufaransa zilikuwa zimeharibiwa kwa mabomu. Vifaru vilitaka petroli, mizinga ilitaka makombora na watu walitaka chakula, na vitu hivyo vyote vilikuwa nyuma sana, karibu na pwani.

Basi tarehe 25 Agosti 1944 Wamarekani walianzisha safari za malori walizoziita Red Ball Express, kwa sababu njia ilionyeshwa kwa alama za duara jekundu. Barabara mbili zilitengwa, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na magari ya raia yakakatazwa kupita. Siku ya tano malori 5,958 yalifikisha tani 12,342 za vitu. Mpaka njia ilipofungwa tarehe 16 Novemba, tani zaidi ya 400,000 zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa.

Katika kila madereva wanne wa njia ile, watatu hivi walikuwa Wamarekani weusi. Jeshi la siku zile liliwatenga weusi na weupe, na weusi wengi waliwekwa katika vikosi vya uchukuzi badala ya kupewa bunduki mstari wa mbele. Wengi wao walijifunza udereva mle mle jeshini. Walikwenda usiku kwa taa zilizofunikwa, zikitoa mwanga mdogo kama jicho la paka. Amri ilikuwa wasipite maili 25 kwa saa, lakini madereva wengi walikiondoa kifaa kilichofungwa katika injini ili kuzuia mwendo. Hatuwasifu kwa hilo, maana malori mengi yaliharibika na watu walipinduka kwa usingizi. Lakini bila wao vifaru vingesimama hapo vilipo kwa kukosa petroli.

Sasa tuwafuate watu hawa mpaka kwao.

SHERIA NZURI NA MLANGO ULIOFUNGWA

Hata kabla ya safari zile kuanza, tarehe 22 Juni 1944, Rais Roosevelt alikuwa ametia sahihi sheria ya kuwasaidia askari watakaorudi, ambayo watu huiita G.I. Bill. Ilimpa askari wa zamani ada ya masomo hata dola 500 kwa mwaka, na posho ya kujilisha. Aliyekosa kazi alipewa dola 20 kwa juma, hata majuma 52. Aliyetaka kununua nyumba au shamba au kuanza biashara aliweza kukopa, na Serikali ikawa mdhamini wa sehemu ya deni. Sheria haikuwa kwa wanafunzi wa vyuo vikuu tu. Mtu aliweza kujifunza ufundi karakanani huku akilipwa. Watu wapatao milioni 7.8 walipata elimu au mafunzo kwa sheria ile, na kwa hesabu hiyo peke yake yastahili sifa.

Hata hivyo pesa zilipitia mikono ya watu wa kila jimbo na kila mji. Benki ilikuwa na hiari ya kukopesha au kukataa, na tajiri alikuwa na hiari ya kumpokea mwanafunzi wa kazi au kumfukuza. Katika majimbo ya kusini hasa, askari mweusi aliyekuja na hati zake zote alikuta kwamba hati hazimfikishi mbali.

Kazi ya lori ilikuwa na desturi yake mbaya. Kampuni nyingi ziligawa madereva katika mafungu mawili. Wako wa mjini, wanaozungusha mizigo kutoka ghala hata duka, na wako wa safari ndefu, wanaotoka mji hata mji na kulipwa zaidi. Weusi waliweza kupata kazi ya kupakia, kuosha magari, na mara nyingine kuendesha mjini. Safari ndefu zilikuwa za weupe. Tena katika mikataba ya vyama vya wafanya kazi, ukubwa wa mtu ulihesabiwa ndani ya fungu lake tu. Aliyehama fungu alianza upya kama mgeni, hata kama alikuwa na miaka kumi katika kampuni. Basi mtu aliyekwisha kupata nafasi nzuri mjini aliogopa kuiacha.

Twataja kesi moja, kwa kuwa hesabu zake zilisomwa mbele ya majaji na zimeandikwa katika hukumu. Serikali ya Marekani iliishitaki kampuni ya malori iliyoitwa T.I.M.E.-D.C., pamoja na chama cha wafanya kazi wake. Tarehe 31 Machi 1971 kampuni ilikuwa na madereva wa safari ndefu 1,828. Weusi kati yao walikuwa 8, na wote 8 waliandikwa baada ya kesi kuanza. Kabla ya mwaka 1969 kampuni ilikuwa imemwajiri mweusi mmoja tu katika kazi ile, huko Chicago, tangu 1950 hata 1959. Msomaji akumbuke kwamba vita ilikuwa imekwisha mwaka 1945. Dereva aliyekuwa na umri wa miaka 22 katika njia ya Duara Jekundu alikuwa karibu na miaka 50 wakati hesabu ile ilipofanywa.

Mahakama Kuu ilitoa hukumu tarehe 31 Mei 1977. Ilisema kampuni ilivunja sheria ya mwaka 1964 iliyokataza ubaguzi kazini, na kwamba waliokataliwa baada ya sheria ile kuanza kutumika, yaani tangu tarehe 2 Julai 1965, waweza kurudishiwa ukubwa wao wa kazi. Lakini waliobaguliwa kabla ya siku hiyo hawakupata haki hiyo, na ule mpango wa kuhesabu ukubwa ndani ya fungu uliachwa kama ulivyokuwa. Kwa hiyo mtu aliyefukuzwa mlangoni mwaka 1946 na hati yake ya jeshi mkononi hakupata chochote kwa hukumu ile. Sisi twaona hapa ndipo palipo na hasara kubwa kuliko zote katika habari hii. Serikali ilitumia fedha kumfundisha mtu kazi, mtu akaitumia kazi ile kuiokoa Serikali, kisha ujuzi ule ukaachwa ulale kwa miaka ishirini na zaidi.

FUNDO LA LESENI

Baadaye likaja tatizo jingine, ambalo halikuchagua rangi. Zamani kila jimbo la Marekani lilitoa leseni kwa namna yake, na wako madereva wabaya waliobeba leseni za majimbo matatu au manne, ili moja ikifungwa watumie nyingine. Mwaka 1986 ikatungwa sheria ya kuzuia hayo. Tangu tarehe 1 Aprili 1992 kila anayeendesha gari kubwa la biashara ni lazima awe na leseni moja maalumu, iitwayo kwa kifupi C.D.L., na ili aipate ni lazima ajibu maswali ya karatasi, kisha ajaribiwe barabarani.

Sheria ilikuwa njema, lakini ilikuwa na fundo. Askari aliye kazini haihitaji leseni hiyo, kwa kuwa jeshi lina hati yake lenyewe. Basi mtu aliweza kuendesha trela la jeshi miaka sita, akapita katika jangwa la Iraki au milima ya Afghanistani, na siku ya kuachiliwa akawa hana ruhusa ya kuendesha lori la maziwa. Alitakiwa kwenda shule ya udereva, kazi ya majuma kadha na dola elfu kadha, ili afundishwe jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa akiwafundisha wengine.

Fundo hili limefunguliwa kidogo kidogo. Mwaka 2011 majimbo yaliruhusiwa kumsamehe askari jaribio la barabarani ikiwa ameendesha magari makubwa jeshini kwa miaka miwili kabla ya kuacha jeshi, na katika miaka miwili kabla ya kuomba hakunyang'anywa leseni wala hakuhukumiwa kwa makosa makubwa ya barabarani. Mwanzoni ilimpasa aombe katika siku 90 baada ya kuacha kazi ile. Muda huo ulikuwa mfupi mno, maana mtu anayetoka jeshini ana mambo mengi, kuhama, kutafuta nyumba, kuonana na jamaa. Mwaka 2016 ukaongezwa ukawa mwaka mmoja. Mwaka 2012 sheria nyingine ilimruhusu askari aliyewekwa kambini katika jimbo lisilo lake apate leseni katika jimbo lile lile la kambi. Na mwaka 2018 majimbo yakaruhusiwa kusamehe hata maswali ya karatasi kwa wale waliofundishwa rasmi kazi ya udereva au ya kuchukua petroli jeshini, hata mtu aweza kubadilisha hati ya jeshi kwa leseni ya raia moja kwa moja.

Msamaha una mipaka, na watu wengi hujikwaa hapo. Mtu hupewa leseni ya namna ya gari aliloliendesha. Aliyezoea lori lisilo na trela hapewi leseni ya trela. Aliyejaribiwa katika gari lisilo na klachi huandikiwa katika leseni kwamba asiendeshe gari la giya za mkono, na magari mengi ya jeshi hayana klachi. Ruhusa ya kuchukua petroli na vitu vingine vya hatari huhitaji mtu achunguzwe kwanza na Serikali. Daktari naye ni lazima ampime macho, masikio, shinikizo la damu na moyo, na cheti chake hakipiti miaka miwili. Askari aliyeharibiwa masikio na mizinga, au asiyelala vizuri kwa sababu ya mambo aliyoyaona, yafaa aseme kweli mbele ya daktari. Lori lenye mzigo laruhusiwa kufika ratili 80,000, karibu tani 36, na gari la namna hiyo halifai kuendeshwa na mtu anayesinzia.

Wale wasioweza kupata msamaha hawakuachwa. Sheria ya masomo ya askari iliyotungwa mwaka 2008 hulipa ada katika shule nyingi za udereva. Anayejifunza kazini kwa tajiri aliyekubaliwa hupata mshahara wake, na juu yake posho ya nyumba kutoka Serikalini: posho nzima miezi sita ya kwanza, kisha sehemu nane katika kumi, kisha sita, na hivyo hivyo ikipungua kadiri mshahara unavyotazamiwa kupanda. Tena uko mpango uitwao SkillBridge, ambao kwa huo askari aweza kwenda kujifunza kwa tajiri katika siku 180 za mwisho za utumishi wake huku jeshi likiendelea kumlipa, ikiwa mkubwa wake amekubali. Kwa maoni yetu huu ndio bora kuliko yote, kwa maana mtu hujaribu kazi kabla ya kuacha mshahara.

Kujaribu huko kwafaa, kwa sababu kazi ya raia si ile ya jeshi. Jeshini malori husafiri kwa msafara, mafundi wako nyuma, chakula kipo, na mtu haulizi bei ya gurudumu. Dereva wa raia yu peke yake. Hurudisha nyuma trela la futi 53 katika mlango mwembamba wa ghala huku karani akitazama saa yake. Saa zake zimehesabiwa: asiendeshe zaidi ya saa 11, nazo ziwe ndani ya saa 14 tangu kuanza kazi, kisha apumzike saa 10, na chombo kilichofungwa ndani ya gari huandika yote. Wengi hulipwa kwa maili. Akikaa saa tano akingoja kupakuliwa, maili hazikuongezeka. Sheria ya mshahara ya mwaka 1938, iliyoamuru kazi ya saa za ziada ilipwe zaidi, iliwaacha nje madereva wa malori yanayopita majimbo, na mpaka leo hawajaingizwa kwa sheria ile.

MKATABA USOMWE

Tumeacha mwisho jambo ambalo msomaji wa mashamba atalifahamu upesi, kwa kuwa lafanana na kukopa mbegu kwa mwenye duka. Kampuni kubwa za malori hutangaza kwamba zitamfundisha askari bila malipo. Ni kweli, halipi siku ile. Lakini mara nyingi hutia sahihi kwamba atafanya kazi hapo mwaka mmoja au zaidi, na akiondoka mapema ada yote huwa deni. Si mkataba mbaya kwa mtu aliyeusoma na kuukubali. Ni mbaya kwa aliyeutia sahihi akisimama, akidhani ni fomu ya kuandikisha jina.

Wa pili ni mbaya zaidi. Dereva huambiwa aweza kuwa mwenye lori lake mwenyewe: kampuni itamkodisha gari, atalipa kila juma kutoka katika mapato yake, na mwisho wa miaka litakuwa lake. Kwa askari mwenye akiba kidogo na hamu ya kuwa bwana wa nafsi yake, maneno haya ni matamu. Lakini mizigo hugawiwa na kampuni ile ile iliyomkodisha. Mizigo ikipungua, kodi haipungui. Matengenezo ni juu yake, mafuta ni juu yake, na akishindwa, lori hurudi kwa kampuni na yote aliyolipa hupotea. Kamati ya watu waliowekwa na Serikali ya Marekani kuchunguza jambo hili ilitoa taarifa Januari 2025, nayo ilishauri mikataba ya namna hiyo ikomeshwe. Kamati hutoa shauri tu, haitungi sheria.

Kwa hiyo ndugu yako akikuandikia kutoka huko kwamba muda wake jeshini unakwisha na ataka kazi ya lori, mjibu kabla hajaacha kambi. Fomu ya msamaha yataka sahihi ya mkubwa wake, kushuhudia kwamba aliendesha magari makubwa kwa miaka miwili, na ya namna gani. Leo mkubwa huyo yuko mlango wa pili. Baada ya miezi mitatu huenda amehamishwa ng'ambo, na aliyekalia kiti chake hamjui ndugu yako. Tena ule mwaka mmoja huhesabiwa tangu siku alipoacha kuendesha magari ya jeshi. Ukipita, ni lazima apitie mafunzo ya shule ambayo tangu tarehe 7 Februari 2022 yamewekwa kwa kila anayeomba leseni ile mara ya kwanza, sawasawa na kijana ambaye hajaliona lori ila barabarani.